Kikundi cha watu wa kanzidata Dodoma: walikuja 34, sasa wanakuja saba

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa kanzidata (database) katika taasisi ya umma hapa Dodoma. Mimi na wenzangu wawili tulianzisha kikundi cha wataalamu wa kanzidata tukutane kila mwezi. Kwenye WhatsApp tupo 140. Kikao cha kwanza walikuja 34, cha pili 19, cha tatu saba, na kati ya hao saba wanne ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Tunakutana Jumamosi saa nne asubuhi. Wenzangu wanasema bila posho watu hawaji. Kuna kampuni inayouza leseni za programu imejitolea kutulipia ukumbi na chakula, ila inataka orodha ya wanachama na namba zao za simu. Halafu tumechanganyika: wapo wa Oracle, SQL Server, PostgreSQL na MySQL, programu nne tofauti za kanzidata, na kila mtu anaona mada ya mwenzake haimhusu. Na bosi wangu ameshaniuliza kama huko tunatoa siri za ofisi. Je, tulipe posho? Tusajili? Au tukubali tu kwamba Dodoma haina watu wa kutosha?"

Jibu:

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloonekana kukukatisha tamaa. Dodoma ina watu wa kutosha, tena kuliko unavyodhani. Wizara ziko Mtumba, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina makao makuu hapa, UDOM ina ndaki nzima ya mambo ya kompyuta, zipo benki, mamlaka ya maji, hospitali kubwa na Bunge lenyewe. Hakuna hata mojawapo inayofungua milango asubuhi bila kanzidata kuwa hai mahali fulani. Kasoro ni kuwatafuta watu kwa cheo. Ukiita "wasimamizi wa kanzidata" utapata wachache, kwa sababu katika taasisi nyingi kazi hiyo anayo ofisa TEHAMA ambaye pia ndiye anayeitwa printa ikikwama, au anayo ofisa takwimu. DHIS2, mfumo unaokusanya takwimu za afya, unakaa juu ya PostgreSQL. Anayeutunza anashika PostgreSQL kila siku hata kama hajawahi kujiita mtu wa kanzidata. Badilisha maneno ya mwaliko: "Kama kuna kanzidata ambayo ikizima wewe ndiye unayepigiwa simu, karibu."

Halafu, kutoka 34 hadi saba si msiba. Kikao cha kwanza cha kikundi chochote huvuta waliokuja kutazama, waliosindikiza rafiki, na waliodhani kuna ajira inatangazwa. Cha tatu ndicho kinachoanza kukuonyesha kikundi chako ni kipi hasa. Wale 140 wa WhatsApp usiwaweke kwenye hesabu kabisa. Kujiunga hakumgharimu mtu kitu, na wengi wameshalinyamazisha kundi. Kinachonipa wasiwasi ni kwamba wanne kati ya saba ni wanafunzi. Maana yake waajiriwa wamekosekana kwa mpigo, na waajiriwa wakikosekana namna hiyo, kabla ya kulaumu mada, tazama siku na saa.

Jumamosi ya Dodoma unaijua. Watumishi wengi familia zao bado ziko Dar es Salaam, na tangu treni ya SGR ianze kufika hapa mwaka 2024, mtu akitoka kazini Ijumaa usiku huohuo yuko kwake. Aliyebaki ana kikao cha harusi, ana msiba, au ana fundi anamsubiri kiwanjani, maana nusu ya mji huu inajenga. Wewe unashindana na tofali! Wanafunzi ndio pekee ambao Jumamosi saa nne ni saa nzuri, na ndio waliokuja.

Hamishia kikao katikati ya wiki. Saa rasmi za ofisi za umma zinaisha saa 9:30 alasiri. Ukianza saa 10:30 jioni, aliyetoka Mtumba na basi la watumishi ameshafika mjini. Ukimaliza saa 12:15, swala ya magharibi haiwakuti katikati ya mada, na wa daladala wanapata usafiri wa kurudi Nkuhungu au Nzuguni bila kuhangaika. Siku iwe ya kanuni, kwa mfano Jumatano ya pili ya kila mwezi, isiyojadiliwa. Vikundi vingi vinaumia hapa: kila mwezi kura inapigwa WhatsApp kuuliza "siku gani inafaa?", wanajibu kumi, inachaguliwa siku inayowafaa sita, na wale wengine wanajifunza kwamba kikao hakina mwenyewe. Siku isiyobadilika inamkera mtu mmoja au wawili lakini inamwezesha kila mtu kukataa shughuli nyingine mapema. Ukumbi uwe mjini, au kandokando ya barabara ya Dar es Salaam ambako mabasi kutoka Mtumba yanapita. Ukumbi wa chuoni ni bure na una projekta, ila kwa mtu anayerudi nyumbani Area C ni safari ya pili.

Weka pia kalenda ya mwaka inayojua mji huu. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni; kipindi hicho watu wa wizarani wanaitwa saa yoyote, na kumbi zinapanda bei. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na anayetunza mfumo wa malipo au wa uhasibu hawezi kukupa hata saa moja wiki hizo. Ruka Juni, ruka Desemba, na Ramadhani isogeze kikao kianze saa tisa na robo tatu au kihamie mtandaoni baada ya tarawehe. Vikao tisa vinavyofanyika kweli ni bora kuliko kumi na viwili vilivyoahirishwa mara tano.

Sasa posho. Wenzako hawajakosea kuhusu mazoea: katika utumishi, ukiitwa nje ya kituo chako kuna malipo, kwa hiyo mtu akisikia "kikao" anauliza hilo kwanza. Wanakosea kuhusu dawa yake. Posho ya kuhudhuria ikishatolewa mara moja haiondoki. Kikao kisichokuwa nayo kitaonekana kimeshuka hadhi, wanaokuja watakuwa wa kusaini na kuondoka, na mfadhili akijitoa mnafunga. Usilipe mtu kwa kuja. Lakini usimwache mzungumzaji ajilipie: anayetoka Singida, Kongwa au Dar es Salaam kuja kufundisha alipiwe nauli kwa risiti, na kama kikao kimechelewa kuisha, mahali pa kulala. Chai na sambusa ziwepo, maana mtu aliyekula saa saba hawezi kufuatilia mpango wa utekelezaji wa kwiri, yaani hatua ambazo kanzidata inafuata kujibu ombi la data, saa kumi na moja. Kwa watu 25 andaa chai lita tano hadi sita, chupa 30 ndogo za maji na sambusa 60. Zikibaki, wanafunzi wapo.

Kinachochukua nafasi ya posho ni mtu kurudi ofisini kesho yake na kitu anachoweza kukitumia. Mada za "umuhimu wa data katika dunia ya leo" hazifanyi hivyo, na nashuku vikao vyenu viwili vya mwanzo vilikuwa vya aina hiyo. Nitakueleza kikao kimoja kwa undani, kwa sababu ninaona ndicho mnachopaswa kufanya kwanza: kurejesha bakapu (nakala ya akiba ya kanzidata), kila mtu kwa mikono yake.

Wiki moja kabla, mwenyeji anatengeneza kanzidata ya kubuni kwenye PostgreSQL: jedwali la wateja lenye rekodi 200,000 na la malipo lenye rekodi milioni mbili, zote zimezalishwa kwa generate_series, kitendakazi cha PostgreSQL cha kutengeneza mfululizo wa namba, hakuna jina la mtu hata mmoja. Anaongeza indeksi nne au tano (za kuharakisha utafutaji), anaunda watumiaji wawili wa kanzidata na kuwapa haki juu ya majedwali. Kisha anatoa bakapu kwa amri ya pg_dump -Fc na kuiweka kwenye flashi tano pamoja na kisakinishi cha PostgreSQL cha Windows. Msitegemee intaneti ya ukumbi. Watu ishirini wakianza kupakua kisakinishi kwa pamoja, saa nzima imekwisha.

Siku yenyewe, kila mshiriki anaunda kanzidata tupu, anatazama kilichomo ndani ya faili kwa pg_restore -l, kisha anarejesha kwa pg_restore -d mazoezi -j 4 (-j 4 ni kazi nne kwa pamoja) na kushika muda kwa simu. Hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika, na ndiyo maana ya zoezi. Kosa la kwanza litatokea kwa kila mtu: skrini itasema mtumiaji fulani hayupo. Sababu ni kwamba pg_dump inabeba kanzidata moja, ilhali watumiaji na nywila zao ni mali ya seva nzima. Hao wanatolewa kwa pg_dumpall --globals-only, na wengi hawana faili hilo ofisini. Kosa la pili ni la matoleo: pg_dump ya zamani inakataa kabisa kutoa bakapu ya seva iliyo mpya kuliko yenyewe, kwa hiyo aliyehamia toleo jipya na kusahau kubadilisha programu kwenye mashine ya bakapu huenda hana bakapu tangu siku ile. La tatu ni muda. Bakapu ya aina hii haibebi indeksi zenyewe, inabeba amri za kuziunda tu, kwa hiyo kurejesha huchukua muda mrefu kuliko kutoa. Na anayetoa bakapu kama faili la kawaida la SQL hawezi kutumia -j. Lake litarejeshwa kwa foleni moja. Mwisho waendeshe ANALYZE, amri inayokusanya takwimu za majedwali, la sivyo kwiri zitaburuta mwanzoni na mtu atadhani urejeshaji umeharibika.

Kama mnataka watu wote waunganishwe na seva moja badala ya kusakinisha, beba ruta ndogo, hata isiyo na kifurushi, na laptopu moja iwe seva. Mambo matatu yatakukwamisha: PostgreSQL ikitoka kiwandani mara nyingi inasikiliza mashine yake tu, kwa hiyo weka listen_addresses iwe '*' na uianzishe upya, faili la pg_hba.conf lazima liwe na mstari unaoruhusu anwani za mtandao huo mdogo kwa scram-sha-256 (njia ya kuhakiki nywila). Na Windows ikiona mtandao mpya huuita wa umma na kuziba mlango 5432 ambao PostgreSQL hupitia. Jaribuni haya jana yake, mkiwa na laptopu mbili. Bebeni ekstensheni tano za matundu manne, waya wa HDMI wa mita tano na adapta ya USB-C. Herufi za skrini ziwe kubwa, na rangi nyeusi juu ya nyeupe, kwa sababu kwenye kumbi nyingi jua la jioni linaingia dirishani na ile skrini nyeusi ya maonyesho haisomeki kuanzia mstari wa tatu. Amri zote zichapishwe kwenye karatasi moja. Umeme ukikatika, laptopu zina betri, projekta haina.

Umeona kwamba nimechagua PostgreSQL, na mtu wako wa Oracle atauliza inamhusu nini. Hili ndilo jibu la mchanganyiko wenu. Msipange mada kwa jina la bidhaa, pangeni kwa tatizo, na kila tatizo liwe na dakika kumi za wa upande mwingine. Baada ya zoezi hilo, wa Oracle anaonyesha kwamba RMAN, zana yake ya bakapu, ina RESTORE DATABASE VALIDATE, inayosoma bakapu yote kuona kama inarejesheka bila kugusa kanzidata iliyo hai. Wa SQL Server anaeleza kwamba RESTORE VERIFYONLY inakagua faili la bakapu lakini haihakikishi kwamba data iliyomo ni nzima, kwa hiyo lazima urejeshe kwenye seva nyingine na kuendesha DBCC CHECKDB, amri ya kukagua uzima wa data. Wa MySQL anakumbusha kwamba mysqldump, programu yake ya bakapu, kwa --single-transaction inatoa picha moja isiyopishana kwa majedwali ya InnoDB (aina ya kawaida sasa), ila jedwali la zamani la MyISAM likiwemo halilindwi. Tatizo ni moja, na majibu manne hayo usingeyapata chumba kimoja kwenye kikundi cha bidhaa moja.

Mfano mwingine ambao hauchoshi kamwe ni ripoti kugongana na malipo. Katika SQL Server iliyosakinishwa na kuachwa kama ilivyo, anayesoma kwa kawaida humsubiri anayeandika, na ndiyo maana ripoti ya mhasibu mkuu saa tano asubuhi inakwama nyuma ya muamala uliochelewa kufungwa. Ukiwasha READ_COMMITTED_SNAPSHOT, msomaji anapewa nakala ya awali ya rekodi na hasubiri. Oracle na PostgreSQL zinafanya hivyo zenyewe bila kuwashwa, lakini kila moja ina gharama yake. Oracle inaweka hali ya zamani kwenye eneo maalumu linaloitwa undo, na ripoti ndefu ikipita uwezo wa eneo hilo inakufa na lile kosa maarufu la ORA-01555. PostgreSQL inaacha nakala za zamani ndani ya jedwali lenyewe, VACUUM ndiyo inayozisafisha, na muamala mmoja uliosahauliwa wazi tangu asubuhi unaizuia kufanya kazi hiyo huku jedwali linavimba. Wekeni watu watatu wa mifumo hiyo mbele, dakika kumi kila mmoja. Ninakuhakikishia maswali yatapita muda.

Kuhusu wazungumzaji, kwa maoni yangu ndipo vikundi vingi zaidi vinapofia kuliko kwenye fedha. Kiongozi anazungumza kikao cha kwanza, rafiki yake cha pili, cha tatu hana mtu, anazungumza tena yeye, na kufikia cha sita amechoka na watu wamemchoka. Usiwe na chini ya wazungumzaji watatu wa mbele walioahidi, na wa mwezi ujao atajwe kabla hamjatoka ukumbini. Ukimwuliza mtu "utatupa mada?", anaona saa nzima, slaidi na suti, anakwepa. Mwambie hivi: "Lile tatizo la kumbukumbu kujaa ulilolieleza WhatsApp juzi, tuonyeshe kwa dakika saba, bila slaidi." Akifanya mara mbili, mara ya tatu anaomba nusu saa mwenyewe. Akina dada wa fani hii wasiachiwe kuandaa chai na orodha ya mahudhurio kikao baada ya kikao. Kazi hizo zizunguke, na wao waombwe dakika saba kama wengine.

Wanafunzi msiwafukuze. Ndio watakaokuwa ofisini kwako baada ya miaka miwili. Wape dakika ishirini za mwanzo, wakati waajiriwa wanaendelea kufika, zenye somo la msingi linalofundishwa na mmoja wao, na muwaketishe wawiliwawili na mtu wa kazini kwenye mazoezi. Wakizidi sana, wasaidieni waanzishe kikao chao chuoni kila muhula.

Bosi wako ana haki ya kuuliza, na jibu la "hatutoi siri" halitamtuliza. Mpelekee kanuni zilizoandikwa, ukurasa mmoja. Hakuna data ya kazini inayoletwa kikaoni, hata iliyofichwa majina. Hakuna kutaja taasisi, jina la seva wala anwani ya IP. Hakuna kueleza udhaifu wa usalama ambao haujazibwa. Kuna kipengele kimoja ambacho hata wazoefu hukisahau: mpango wa utekelezaji wa kwiri. Mtu anapiga picha ya skrini na kuituma kundini aulize kwa nini kwiri yake ni nzito, na ndani ya mpango huo kuna thamani zilizotumika kuchuja, yaani namba ya NIDA au ya simu ya mwananchi imesimama hapo wazi. Faili la mpango la SQL Server linaweza kubeba thamani hizo hata pale kwiri yenyewe inapoonekana haina kitu. Kanuni iwe kwamba kabla ya kutuma, thamani zote zinabadilishwa na majina ya majedwali pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa hizo hata zikiwa kwenye picha ya WhatsApp. Ukimkabidhi mkuu wako ukurasa huo, omba na ruhusa yake kwa maandishi. Siku watu wakibadilishwa vyeo, karatasi inabaki.

Sheria hiyohiyo inatujibia suala la kampuni. Namba za wanachama ulikusanya kwa ajili ya kuwaita kwenye vikao, siyo kwa ajili ya mauzo, na huna mamlaka ya kuzikabidhi bila ridhaa ya kila mmoja. Udhamini wenyewe siukatai. Waandikie kwa lugha nyepesi: "Tunashukuru sana. Tunaomba mlipe moja kwa moja kwa mwenye ukumbi na kwa mpishi. Tutawapa dakika tano mwanzoni na meza karibu na mlango, na atakayependa kuwasiliana nanyi atajiandikisha mwenyewe mezani kwenu. Orodha ya wanachama hatutoi." Wengi wanakubali. Wakikataa, walichotaka ni orodha, na ukumbi wa chuo bado upo. Jambo ambalo hukuliuliza lakini lina uzito zaidi: kama kampuni hiyo inauza leseni kwa taasisi yako, au wewe ni mjumbe wa kamati ya tathmini ya zabuni, udhamini huo ni mgongano wa maslahi hata kama hujashika shilingi. Hilo usilimalize na wenzako WhatsApp. Nenda kwa kitengo cha sheria au cha ununuzi cha taasisi yako, ana kwa ana, kabla ya kujibu barua yao.

Na orodha yenyewe iwe mikononi mwenu kweli. Chama cha PASS, kilichoanzishwa mwaka 1999 kwa ajili ya watumiaji wa SQL Server, kilikuwa na vikundi vya miji katika nchi nyingi. Mapato yake yalitegemea zaidi kongamano moja kubwa la mwaka, korona ikalivuruga, na Januari 2021 kikafunga shughuli zake. Vikundi vya mijini vilivyokuwa vimejishikiza humo vilibidi vitafute pa kuhamia. Kwenu hatari ni ndogo lakini ni ya aina hiyohiyo: kundi la WhatsApp lenye msimamizi mmoja, simu yake ikiibiwa Majengo sokoni, kikundi kimekwenda nayo. Wasimamizi wawe watatu, na barua pepe za wanachama waliokubali zitunzwe kwenye faili moja lenye nywila, nakala mbili. Mtu wa kanzidata asiye na bakapu ya kikundi chake atachekwa, na ni haki yake.

Kusajili? Kuna njia mbili zinazoelekea kuwafaa. Ya kwanza ni kuwa chini ya mwenyeji aliyepo tayari, kwa mfano ndaki ya chuo ikiwatambua kama shughuli yake: mnapata ukumbi na barua rasmi za mwaliko, hamshiki fedha, ila mwenyeji akibadili mawazo hamna pa kukaa, na waajiriwa wanaweza kukiona ni cha wanafunzi. Ya pili ni kusajili jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kwa Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hapo mnakuwa na katiba, viongozi na uwezo wa kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, lakini pia mnabeba wajibu wa taarifa za kila mwaka, na kwa watu watatu wanaojitolea si mzigo mdogo. Mimi ningeanza na mwenyeji. Ila usiamue kwa kusoma tu: wizara iko mjini kwenu, nenda ukaulize kikundi kama chenu kinadaiwa usajili kuanzia lini, na uulize hivyo kabla hamjachangishana hata senti. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo iulizwe kama orodha yenu inahitaji kusajiliwa. Mpaka hapo msipokee fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Hata akiwa mwaminifu kiasi gani, siku moja ataulizwa salio na atakasirika.

Jipe vikao sita kwa utaratibu huu mpya kabla ya kupima. Pima waliorudi, usipime waliofika: kila mwezi hesabu wangapi walikuwepo na mwezi uliopita. Wakiwa tisa hadi kumi na wawili wale wale, na wengine wanaingia na kutoka, mna kikundi kizima, hata ukumbi ukionekana mtupu. Chukueni chumba kidogo. Wakiwa chini ya watano kwa vikao vitatu mfululizo, nje ya Juni na Ramadhani, unganeni na kikundi cha waandaa programu au cha wachambuzi wa takwimu na mwombe kikao kimoja kila robo mwaka. Na mkiamua kufunga kabisa, tangazeni tarehe, wapeni wanachama vifaa vya mazoezi wavichukue, kisha futeni orodha ya namba na barua pepe, nakala zote mbili.